Ramu ya Jamaika ya miaka 10 iliyomalizia kwenye pipa la Madeira: nimeionja, njooni tubishane

#1 MzeeKaunta

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa wiski kuna wadau walinijia juu: ramu ni ya kuchanganyia soda, haina hadhi ya kunywewa yenyewe. Sikubishana. Nilisubiri nipate kitu cha kujibia.

Kwa msionijua, nipo London na kazi yangu ni kaunta. Chupa za namna hii hazishikiki kwa mshahara wa kaunta, kwa hiyo tunachanga. Mmoja ananunua chupa, anaigawa kwenye vichupa vya sentilita 5, kila aliyechangia anatumiwa chake kwa posta. Safari hii nimepata ramu ya Worthy Park, shamba na mtambo wa Jamaika, iliyopikwa 2008, ikakaa mapipani miaka 10, kilevi asilimia 45.

Kilichonifungulisha uzi ni pipa. Ramu nyingi ya Jamaika inazeeshwa kwenye mapipa yaliyokwisha kutumika kwa bourbon, wiski ya Marekani, na chanzo chake ni biashara zaidi kuliko ladha. Sheria ya Marekani inamlazimisha mpika bourbon atumie pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Akishalitumia mara moja halimfai tena kwa bourbon, analiuza. Ndiyo maana mapipa ya lita 200 hivi yamejaa sokoni, na Jamaika ipo karibu. Ramu yetu hii nayo ilianzia humo. Halafu wakaitoa, wakaihamishia kwenye mapipa yaliyokuwa na divai ya Madeira, ikamalizia humo.

Madeira ni kisiwa cha Wareno kwenye Atlantiki. Divai yao wanaiongezea spiriti ya zabibu, kisha wanaipasha joto makusudi. Ile ya kawaida inakaa kwenye matangi yenye nyuzi 45 hadi 50 kwa miezi isiyopungua mitatu. Ile ya maana inalazwa kwenye mapipa darini, joto la paa linaifanyia kazi taratibu kwa miaka. Divai nyingine ukiifanyia hivyo umeiua. Hii inatoka na ladha ya njugu zilizokaangwa, sukari iliyoungua, na uchachu mkali unaotoa mate. Huo uchachu ushikilieni, ndio uliobeba hoja yangu yote.

Niliionja sambamba na Single Estate Reserve ya Worthy Park haohao. Nayo ina asilimia 45, ni mchanganyiko wa ramu za miaka 6 hadi 10, mapipa ya bourbon tu. Yaani mtambo mmoja, kilevi kimoja, tofauti kubwa ipo kwenye mbao. Glasi mbili ndogo zilizobanwa mdomoni, hakuna barafu, nikaziacha nusu saa zipumue.

Reserve harufu yake ya kwanza ni ndizi. Nasema mzuzu ulioiva mpaka ganda limepiga madoa meusi, umeshakaangwa na mafuta yamechujwa. Nyuma yake vanila, nazi kidogo, pilipili manga. Mdomoni ni nzito ila kavu, wala si tamu kama harufu inavyokuahidi.

Sasa ya Madeira. Mzuzu upo, lakini umerudi hatua mbili nyuma. Mbele kuna ganda la chungwa lililokaushwa, zabibu kavu, korosho iliyokolea moto, na kitu kimoja kilichonizungusha mpaka nikakikamata: bungo. Juisi ya mabungo kabla haijatiwa sukari, ule ukali unaokuvuta mashavu kwa ndani. Ukiinywa inaanza na sukari iliyoungua, ukidhani sasa itakuchosha, uchachu unaingia katikati na kuukata utamu wote. Mwisho mwaloni unakausha ulimi na karafuu inabaki kidogo kwenye ufizi. Nilitia tone la maji, chungwa likapanda na mzuzu ukapotea kabisa, kwa hiyo sishauri maji hapa. Glasi tupu niliiacha mezani, asubuhi ilikuwa inanuka molasesi na mbao tu, Madeira yote imeyeyuka.

Lawama ninayo: inaisha mapema. Asilimia 45 imeibana. Ladha inafika kooni, unaanza kuisikiliza, imeshaondoka. Wangeifunga kwenye 55 tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Hoja yangu ni hii. Pipa geni lina maana pale tu linapoleta kitu ambacho ramu haina. Ramu ya Jamaika matunda inayo, tena ya kumwaga. Ukiilaza kwenye pipa la divai tamu nzito unapaka jemu juu ya jemu. Kinachopungua kwake ni uchachu, na Madeira ndiyo divai yenye uchachu wa kutosha kuonekana hata baada ya kupita kwenye mbao.

Karibuni.

#2 Nyundo ya Kale

Nimekaa siti ya mbele na korosho zangu. Shusha nondo mkuu.

#3 Otis wa Muhoroni

Niaje wakubwa. Mimi nimekulia Muhoroni, molasesi naijua vizuri kuliko maziwa ya chai. Pale kwetu kuna kiwanda kinaigeuza kuwa spiriti, na hiyo spiriti ukiinusa inanuka spiriti tu, hakuna ndizi wala chungwa. Sasa kama malighafi ni ile ile, hawa Wajamaika ndizi wanaitoa wapi? Si wametia ladha ya kutengenezwa hapo?

#4 MzeeKaunta

Otis ndugu yangu, swali lako ndilo lilipaswa kuja kabla ya uzi.

Hata Kilombero kuna kiwanda cha spiriti ya molasesi, hadithi ni ileile. Mitambo hiyo ni minara mirefu, inachemsha na kuchuja mfululizo mpaka kilevi kinafika kama asilimia 96. Ukifika huko umeshaondoa kila kitu chenye harufu. Ndilo lengo lao, wanataka spiriti isiyo na sura ili kiwanda kingine kiipe sura kinayotaka.

Worthy Park wanapika kwenye chungu cha shaba, na kwenye bomba la mvuke wamefunga vyombo viwili vya shaba vinavyoitwa ritoti. Mvuke unatoka kwenye chungu, unapita ritoti ya kwanza, unapata nguvu, unapita ya pili, unatoka na kama asilimia 85. Hiyo nafasi kati ya 85 na 96 ndimo ndizi inamoishi. Na kabla ya chungu kuna kuchacha. Molasesi inachachushwa kwa utaratibu wa kuzalisha harufu, hawaharakishi kilevi tu.

Chungu chao kimetengenezwa na Forsyths wa Scotland. Worthy Park waliacha kupika ramu miaka ya 1960 kwa sababu kisiwa kilikuwa na ramu kuliko wanunuzi, wakabaki na sukari. Mtambo mpya umewashwa 2005. Maana yake ramu ya 2008 ni ya miaka ya mwanzo kabisa ya mtambo huo, na hakukuwa na pipa kuukuu la babu ghalani la kujazia. Unachokunywa ni walichopika wenyewe.

#5 KemiaNiMaisha

Naomba niongeze hapo, mimi nafundisha kemia sekondari na hii ni mada ninayoitumia darasani (bila chupa, msinichongee).

Hizo harufu ni esta. Asidi ikikutana na alkoholi, kwa muda na joto la kutosha, inatoka esta na maji. Isoamili asetati ndiyo ndizi. Ethili butireti ndiyo nanasi. Hakuna aliyetia ndizi humo, hamira na bakteria wametengeneza molekuli ileile iliyo kwenye ndizi. Jamaika wanazipima kwa gramu kwa kila hektolita (lita 100) ya alkoholi halisi, na ramu zinapewa alama kwa kipimo hicho.

Worthy Park wengi wao ni wa chini hadi wa kati. Wakali wa esta ni Hampden, wapo Trelawny kaskazini, tangu 1753. Hao hawatumii hamira ya dukani, wanaacha ya hewani na ya kwenye mbao za matangi ifanye kazi kwa siku nyingi. Wanaongeza mabaki ya mapishi yaliyopita, na wana shimo la uozo ambalo bakteria wake wanatengeneza asidi kama ile ya butiriki, inayonuka matapishi. Ndiyo hiyo hiyo ikikutana na alkoholi inageuka nanasi. Wanafunzi wangu hapo ndipo wanapoamka.

Alama yao ya chini, OWH, ina gramu 40 hadi 80. Ya juu, DOK, ni 1500 hadi 1600, na 1600 ndiyo mwisho kisheria. DOK haikupikwa kwa ajili ya kunywewa. Ilikuwa inauzwa Ulaya, hasa Ujerumani, wanatia kidogo tu kwenye spiriti yao isiyo na harufu na yote inanukia Jamaika.

#6 Mbishi wa Moshi

Mnaongea kemia kupitisha muda. Swali dogo: pipa lililokuwa na divai tamu lina divai ndani ya mbao. Lita kadhaa. Ukiweka ramu, divai inatoka inaingia kwenye ramu. Hiyo si ramu iliyozeeka, ni ramu iliyochanganywa na divai kwa njia ya heshima. Mngesema tu ni kokteli.

#7 Nyundo ya Kale

Mbishi ameamka. Uzi umepata mwenyewe.

#8 MzeeKaunta

Mbishi, nusu ya ulichosema ni kweli kabisa na sitakuzunguka. Pipa likitolewa divai leo na kutiwa ramu kesho, mbao zimelowa, na sehemu ya divai itaingia kwenye ramu. Wapo wanaofanya hivyo kwa miezi mitatu minne wapate rangi nyekundu na jina la kuvutia kwenye lebo. Hao nakuachia uwachape.

Lakini kaa na ramu humo miaka, kwenye joto la Jamaika. Divai iliyokuwa kwenye mbao inatoka mapema, inaungana na ramu, inapata hewa kidogo kidogo kupitia mwaloni, inabadilika. Asidi za ile divai nazo, mwalimu atanisahihisha, zinakutana na alkoholi na kutengeneza esta nyingine. Nilichoonja mimi hakikuwa na ladha ya divai iliyomwagiwa juu. Ukitafuta Madeira kama Madeira huipati. Unapata ramu yenye uchachu.

Kuhusu utamu, Jamaika wana masharti ya jina tangu 2016. Ukitaka kuandika Ramu ya Jamaika na ukalindwa na sheria yao, hakuna kutia sukari. Caramel ya rangi wanairuhusu. Sisi wa kaunta tuna kipimo cha kuelea, unajua uzito kwa ujazo wa mchanganyiko wa maji na kilevi cha asilimia 45 unapaswa kuwa kiasi gani. Kikisoma tofauti, kuna kitu kimeyeyushwa humo. Pipa la divai litaacha sukari kidogo, hilo halikwepeki. Ila kuna ramu za nchi nyingine, sizitaji, zina sukari ya kutosha kupikia kashata, na hizo ndizo watu wanazosifia ulaini.

#9 KemiaNiMaisha

Ni kweli, ila polepole. Esta za asidi za divai zinatokea, na joto linazisukuma. Usitegemee miujiza, sehemu kubwa ya harufu ilishapatikana kwenye kuchacha.

#10 Msafiri wa Muscat

Assalaam alaykum. Mimi situmii wala sitarajii kutumia, lakini historia ya biashara za baharini naifuatilia. Nauliza, divai ya Madeira na kisiwa cha Jamaika vilikutana leo tu kwenye hilo pipa, au kuna uhusiano wa zamani? Naona njia ya jahazi za Wareno ilikuwa inapita huko kabla hawajafika kwetu.

#11 MzeeKaunta

Waalaykum salaam sheikh. Umeuliza swali zuri kuliko sisi tunaokunywa.

Uhusiano ni wa zamani sana. Mwaka 1663 Waingereza walipitisha sheria kwamba bidhaa za Ulaya zinazokwenda makoloni yao lazima zipitie Uingereza kwanza. Divai ya Madeira ikaachwa nje ya sharti hilo. Merikebu ikawa inatia nanga Madeira, inapakia divai, inakata moja kwa moja kwenda Karibi na Amerika bila kulipia mzunguko wa London. Kwa hiyo mwenye shamba wa Jamaika wa karne ya 18 mezani kwake alikuwa na Madeira. Ramu aliipika, akaiuza.

Na ile tabia ya kuipasha joto ilitokana na hizo safari. Mapipa yalikuwa yanakaa tumboni mwa merikebu, yanavuka ikweta, yanachemka, mengine yanarudi kisiwani hayajauzwa. Walipoyafungua wakakuta divai imekuwa bora kuliko ilivyoondoka. Wakaanza kuyasafirisha mapipa makusudi, kwenda na kurudi, ili joto liyafanyie kazi. Matangi na dari vilikuja baadaye kuchukua nafasi ya merikebu.

Ndiyo maana naona pipa hili Jamaika halipo ugenini kama mapipa mengine ya majaribio.

#12 Binti Pangani

Mwenye shamba alikuwa na Madeira mezani, sawa. Na aliyekata muwa je? Tusiruke hapo. Hayo mashamba yenye tarehe za kujivunia kwenye lebo yaliendeshwa na watu waliotoka bara letu kwa minyororo. Sisi tuliokulia Pangani mashamba ya muwa na utumwa si hadithi ya kusimuliwa na wageni, mashimo ya nguzo za viwanda vya Waarabu tumeyaona.

#13 MzeeKaunta

Dada, hupingwi. Ardhi ya Worthy Park, kwenye bonde la Lluidas Vale, iligawiwa 1670 kwa mwanajeshi wa Kiingereza, Francis Price, baada ya Waingereza kuwapora Wahispania kisiwa. Muwa ulianza pale 1720. Kuanzia hapo mpaka uhuru kamili wa watumwa mwaka 1838, kila tone lililotoka bonde lile lilikuwa la watu wasiolipwa. Vitabu vya hesabu vya shamba hilo vimehifadhiwa, na wanahistoria wameyajua maisha ya watumwa wa Jamaika kwa sehemu kubwa kupitia vitabu hivyo, majina na bei zimeandikwa mstari mmoja na ng'ombe. Familia ya Clarke iliyopo sasa ilinunua 1918.

Lebo nyingi zinaandika mwaka wa kuanzishwa kwa herufi kubwa na kuacha hayo. Nakubaliana nawe kwamba ni aibu.

#14 Binti Pangani

Ahsante kwa kutokwepa. Halafu mmetaja mitambo na wanaume wote wa dunia, hamjataja mwanamke aliyebadilisha ramu ya Jamaika. Joy Spence wa Appleton, ramu nyingine ya Jamaika. Mkemia, aliingia J. Wray & Nephew 1981, na mwaka 1997 akawa mchanganyaji mkuu, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho kwenye tasnia ya vinywaji vikali duniani. Mwalimu wa kemia, waambie wanafunzi wako wa kike.

#15 KemiaNiMaisha

Kesho asubuhi, kipindi cha kwanza.

#16 Otis wa Muhoroni

Mimi nimeelewa sasa. Swali la mwananchi: hiyo ya Madeira nikiweka na Stoney Tangawizi itakuaje?

#17 MzeeKaunta

Otis, utaua watu.

Itakuwa tamu tu, sikudanganyi, tangawizi na chungwa vinaelewana. Ila umelipia uchachu wa bungo, na Stoney itaufunika kwa sukari. Ukitaka ramu ya Jamaika ya kuchanganya chukua nyeupe ya Wray & Nephew, kilevi asilimia 63, haijalala pipani, ina esta za kutosha kupambana na tangawizi. Wajamaika wenyewe wanaichanganya na Ting, soda yao ya balungi. Hapa London ndiyo naiuza sana Ijumaa, na mteja Mjamaika ukimmiminia kitu kingine anakurudishia glasi.

Kipimo kimoja, soda nne. Asilimia 63 haina mzaha.

#18 Nyundo ya Kale

Mzee, umegusia kuzeesha miaka kwenye joto la Jamaika halafu ukapita. Rudi hapo. Mimi nipo Mombasa, joto ninalo la bure. Nikipata pipa?

#19 KemiaNiMaisha

Ngoja nimpigie hesabu. Scotland pipa linapoteza kama asilimia 2 kwa mwaka kwa kuvukizwa. Jamaika chukua 6, na wapo wanaosema zaidi. Jaza pipa lita 200. Baada ya miaka 10 Scotland unabaki na 163 hivi. Jamaika unabaki na 108. Karibu nusu ya pipa imekwenda hewani, na ushuru na mishahara umelipa kwa yote.

Iliyobaki imekaa kwenye mbao zinazotanuka na kusinyaa kwa joto, inachota mwaloni haraka. Joy Spence mwenyewe husema uzee wa kwenye joto la kitropiki unakwenda mara tatu ya ule wa nchi za baridi. Hiyo mara tatu mimi naichukua kama kauli ya jumla kuliko kipimo, maana kuchota mbao kunaharakishwa kuliko mengine. Ndiyo maana ramu ya Jamaika ikipita miaka mingi mno inaanza kuwa chungu.

Mombasa utapata joto na unyevu. Leseni ndiyo itakayokuzeesha kabla ya ramu.

#20 Mbishi wa Moshi

Hapo kwenye joto kuna ujanja mwingine. Zipo ramu zimeandikwa Jamaika, zimezeekea Ulaya kwenye baridi. Hizo nazo mnaziheshimu?

#21 MzeeKaunta

Mbishi leo unanipa pasi safi.

Hiyo ndiyo vita yenyewe. Biashara ya zamani ilikuwa hivi: Jamaika wanapika, ramu inasafiri kwa wingi, mfanyabiashara wa Ulaya anaizeesha, anaweka jina lake. Kampuni ya Kifaransa ya Maison Ferrand inauza Planteray, ambayo zamani iliitwa Plantation, na mtindo wao ni kuzeesha Karibi halafu kumalizia Ufaransa kwenye mapipa ya konyaki. Ferrand hao wana hisa kwenye National Rums of Jamaica, wenye mitambo ya Long Pond na Clarendon. Mwaka 2024 mamlaka ya hakimiliki ya Jamaika ilibadilisha masharti ya jina, kwamba kuzeesha kufanyike Jamaika. National Rums wakapinga. Appleton, Hampden na Worthy Park walikuwa upande wa masharti.

Mimi nipo upande wa masharti, na sababu ni hii chupa. Pipa la Madeira limesafiri mpaka Lluidas Vale, lita zilizopotea zimepotea Jamaika, kazi ya kuonja na kuhamisha imelipwa Jamaika. Ladha geni imeingia na ramu haikuhama nyumbani. Konyaki inaweza kufanya kazi nzuri pia, sikatai, nimekunywa Planteray nzuri. Lakini pipa la Ufaransa linaweza kupanda meli.

#22 Mbishi wa Moshi

Hapo nimekuelewa. Kwenye kokteli bado.

#23 Nyundo ya Kale

Na hao Hampden wenye shimo la matapishi, hawajajaribu mapipa ya divai?

#24 MzeeKaunta

Wamejaribu. Pagos, asilimia 52, imezeekea kwenye mapipa ya sherry, divai ya Jerez huko Hispania. Nimeionja kazini. Zabibu kavu na walnati zinakuja mbele, unadhani sherry imeshinda, halafu nanasi la Hampden linapanda kutoka chini na kuchukua glasi yote. Nzuri sana, na inanionyesha kwamba uzito wa esta ndio unaoamua pipa litasikika kiasi gani. DOK ukiilaza popote haitajua. Worthy Park iko katikati, pipa linasikika na ramu inasikika, ndiyo maana ukoo wao wa mapipa maalumu una mengi ya divai: Port, Marsala, Oloroso, na moja inaitwa Quatre Vins iliyomaliziwa kwenye mapipa ya divai tamu nne, Sauternes, Monbazillac, Jurançon na Moscatel.

Hiyo Quatre Vins kwangu ndiyo jemu juu ya jemu niliyoitaja. Miaka 6, asilimia 52. Harufu yake ni embe boribo, asali na ua la mchungwa, inakufurahisha dakika tano. Baada ya hapo hakuna kinachokata. Glasi ya pili sikuimaliza.

#25 Otis wa Muhoroni

Glasi ambayo hukumaliza unaweza kutuma Kenya, posta ipo.

#26 Binti Pangani

Mzee Kaunta, sisi tulio nyumbani tunaipata wapi? Usiseme London.

#27 MzeeKaunta

Ya Madeira 2008 haitengenezwi tena, ilikuwa toleo moja, zilizobaki ni za wakusanyaji na minada na bei imeshachanganyikiwa. Usiihangaikie. Tafuta Single Estate Reserve, hiyo ipo kwenye maduka ya Ulaya muda wote, mtu anayerudi likizo anaweza kukubebea ndani ya kiwango cha forodha. Appleton ya miaka 8 au 12 nayo inaingia kwenye maduka ya viwanja vya ndege. Anza na hizo za bourbon tu, ujue ramu yenyewe ikoje kabla ya kutafuta mapipa ya ajabu. Ukiifungua iweke wima, ramu kali inakula kizibo ikilazwa, na ikishafika nusu ihamishie kwenye chupa ndogo, maana hewa nyingi inaiba harufu za juu kwanza, na hizo ndizo ulizolipia.

#28 Mbishi wa Moshi

Mimi nataka ile ya Marsala. Nasikia ni asilimia 60. Ikinionyesha ramu na isinionyeshe divai, nitafuta neno kokteli.

#29 MzeeKaunta

Kichupa chake kimeshafika, kipo kabatini. Marsala uchachu wake ni mdogo kuliko Madeira, kwa hiyo kwa hoja yangu mwenyewe inapaswa kunichosha. Nitaionja na Reserve pembeni, nitaileta hapahapa, wala sifungui uzi mwingine.

#30 Mbishi wa Moshi

Na usitie maji.